Barua kwa wazazi mliomzomea mwalimu

Wanangu,

Salamu zangu leo ni fupi, maana hasira haijanitoka. Nilikuwepo kikaoni, nimeketi nyuma na mkongojo wangu, mlipomzomea yule mwalimu kijana eti kachora mfuko wa uzazi ubaoni akitueleza somo la elimu ya jinsia. Mmoja wenu akapayuka: "Hayo ni mambo ya Wazungu!" Mkapiga makofi. Mwalimu akaufuta mchoro kwa kiganja, akakaa na chaki yake mkononi.

Wazungu gani hao? Wenyewe hawana njia moja. Uswidi ililifanya somo hilo kuwa la lazima shuleni mwaka 1955. Uingereza, mpaka 2020 ndipo ikalilazimisha katika sekondari zote. Marekani mwaka 1996 ilitunga sheria ya kugharimia mafunzo ya kujizuia mpaka ndoa. Uholanzi huanza na watoto wa miaka minne, nanyi mkisikia hivyo mnashika vichwa. Kumbe hao wadogo hufundishwa kuvitaja viungo vyao kwa majina na kusema "sitaki" wakishikwa wasivyopenda. Hilo nalo ni uchafu?

Na sisi je? Waganda walikuwa na ssenga, dada wa baba, kazi yake kumfunda binti. Wabemba wa Zambia wana chisungu, unyago wao. Waswahili wana kungwi, mwingine humwita somo. Sisemi yote yalikuwa mema. Pengine yaliandamana na ukeketaji, na pengine msichana alifundishwa kumridhisha mume kabla ya kufundishwa kukataa. Hayo yafe. Ila mtoto alijua mlango wa kubisha.

Nilipovunja ungo nilidhani nimeumia ndani, ninakufa. Nikazificha nguo chini ya kitanda siku mbili. Shangazi akaziona. Hakugomba, alifunga mlango, akatandika mkeka, akasema, "Kaa. Uliza." Niliuliza mpaka taa ikaisha mafuta, tukaendelea gizani, na gizani ndiko nilikouliza yale ya aibu.

Shangazi wa binti zenu yuko wapi? Mnamwita siku ya harusi, akaonekane kwenye picha. Mama anasema ataongea baba, baba anasema hayo ya mama, na mtoto kajifunika shuka na simu mliyomnunulia wenyewe, anafundwa na watu msiowajua.

Wavulana ndio mmewatupa kabisa. Jando mmebakiza kisu tu: anapelekwa hospitali asubuhi, jioni yuko nyumbani, hajaambiwa neno hata moja kuhusu mwili wake wala wa mwenzake. Kesho akimharibia mtu binti yake mnauliza kajifunzia wapi.

Mwalimu nimemfuata kwake, nimemwomba arudi na chaki zake. Kikao kijacho mniachie kiti cha mbele. Mwenye kutaka kuzomea aanze na mimi, na aje na jina la huyo atakayemjibu mwanawe.

Bibi yenu