Wapita njia wa Luthuli Avenue waelezwe Luthuli alikuwa nani

Mhariri,

Luthuli Avenue, kati ya Tom Mboya Street na River Road, inajulikana nchi nzima kuwa mahali pa kununua redio, televisheni, simu na nyaya za kila aina. Ukipita pale mchana utakuta spika zimepangwa hadi mlangoni, kila duka likishindana na jirani yake kwa muziki, na vijana wakiwabembeleza wapita njia waingie wajionee bei. Mwaka 2019 Kaunti ya Nairobi, kwa ushirikiano na shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, iliikarabati barabara hiyo, ikapanua njia ya waendao kwa miguu na kuwapunguzia nafasi wenye magari. Kazi ile ilikuwa njema, nami ninaishukuru. Lakini katika kupita kwangu kote sijaona kibao hata kimoja kinachomweleza mtu Luthuli alikuwa nani, na miongoni mwa wanafunzi niliowafundisha historia kabla sijastaafu wamo waliodhani ni mpigania uhuru wa hapa Kenya.

Kilichonisukuma kuandika ni uamuzi uliotolewa mwezi wa Oktoba 2025 na Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini, uliofuta uamuzi mwingine uliokuwa umesimama kwa miaka 58. Uchunguzi wa mwaka 1967, uliofanywa chini ya serikali ya makaburu, ulisema kwamba Albert Luthuli, ambaye barabara hiyo ina jina lake, aligongwa na treni ya mizigo tarehe 21 Julai mwaka huo alipokuwa akivuka daraja la reli karibu na nyumbani kwake Groutville, na kwamba hapakuwa na wa kulaumiwa. Familia yake haikuyasadiki maelezo hayo. Sasa mahakama imetamka kwamba mzee yule alikufa kwa kupigwa, fuvu lake likapasuka, na kwamba polisi wa usalama pamoja na wafanyakazi wa reli walihusika.

Habari hiyo ilipotangazwa, Luthuli alitajwa zaidi kama rais wa ANC, chama kilichopigania haki za Waafrika wa Afrika Kusini, na Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo, yanaruka miaka mingi aliyoitumia darasani, na mimi ninashikilia kwamba siasa yake haieleweki vizuri mpaka mtu aujue ualimu wake.

Alizaliwa yapata mwaka 1898 karibu na Bulawayo, katika nchi inayoitwa Zimbabwe leo, ambako baba yake Mzulu alikuwa akihudumu misioni. Baba alifariki mtoto angali mdogo sana. Baadaye alirudishwa Natal, Afrika Kusini, na mama yake, Mtonya Gumede, akawa akiwafulia Wazungu nguo ili apate karo ya kumsomesha. Kijana alipomaliza mafunzo ya ualimu huko Edendale alipelekwa shule ndogo ya Blaauwbosch, ambako alikuwa mwalimu mkuu na wakati huohuo mwalimu pekee. Mwaka 1920 alikwenda Adams College kuendelea na mafunzo, kisha akabaki hapohapo kama mwalimu, yeye na Z. K. Matthews wakiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufundisha katika chuo kile. Alipopata ufadhili wa kwenda Chuo cha Fort Hare aliukataa, kwa sababu mama yake alikuwa amezeeka na aliona zamu ya kumtunza imefika. Adams ndiko alikokutana na Nokukhanya Bhengu, ambaye naye alikuwa mwalimu, wakaoana mwaka 1927.

Akiwa hapo alifundisha muziki, akaongoza kwaya, akawasimamia wanafunzi wa ualimu, na nje ya darasa akawa katibu na baadaye rais wa chama cha walimu Waafrika wa Natal. Yeyote aliyewahi kuwa mwakilishi wa walimu shuleni kwake anaijua kazi hiyo ilivyo: unakusanya michango kwa watu ambao mishahara yao haiwatoshi, unasikiliza malalamiko ya kila mmoja hadi jua linazama, unaiandikia ofisi barua ya heshima, unasubiri jibu lisilokuja, kisha unaandika nyingine. Hapo ndipo Luthuli alipojifunza kuongoza watu bila kuwapigia kelele. Sisi Wakenya hatupaswi kulishangaa hilo, maana Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni hili mwaka 1944, Eliud Mathu, naye alitoka darasani.

Wazee wa Groutville ndio waliomtoa Adams. Walimwomba arudi nyumbani awe chifu wao, akasitasita muda mrefu, na akakubali kwa shida, kwani alikuwa akiipenda kazi yake na uchifu ulikuwa na mshahara mdogo kuliko ualimu. Kuanzia mwaka 1936 akawa akiamua kesi za mashamba na za ndoa, na kuwapigania wakulima wadogo wa miwa, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Mwalimu aliyekuwa akiishi katika nyumba za chuo, mbali na dhiki ya vijijini, sasa alikuwa akiketi kila wiki na watu waliobanwa katika vipande vya ardhi visivyotosha kulisha familia, na aliona wazi kwamba hekima ya chifu haiwezi kuongeza hata ekari moja pale ambapo sheria imeigawa nchi kwa rangi ya ngozi. Katikati ya miaka ya 1940 alijiunga na ANC.

Mwaka 1952 chama hicho na washirika wake walianzisha kampeni ya kukaidi sheria za kibaguzi kwa amani, na Luthuli, aliyekuwa kiongozi wake katika Natal, akaiunga mkono hadharani. Serikali ikamwita Pretoria ikamtaka achague: ama aache ANC, ama aache uchifu. Katika nchi yetu, ambapo tangu zama za Mwingereza chifu amekuwa mtu wa serikali, si vigumu kukisia wengi wangejibu nini. Luthuli alikataa kuchagua. Kwake yeye, chifu alikuwa wa watu wake kwanza, naye hakuona mgongano wowote kati ya kuwatumikia Groutville na kuwatetea katika taifa zima. Novemba mwaka huo wakamvua uchifu. Katika tamko lake alisema kwamba miaka 30 ya maisha yake ilikuwa imekwisha akipiga hodi kwa subira, kwa kiasi na kwa unyenyekevu kwenye mlango uliofungwa kwa komeo, na akauliza ni matunda gani yaliyopatikana kwa upole huo. Kabla mwezi wa Desemba haujaisha, ANC ikamchagua kuwa rais wake.

Mwaka uliofuata ilipitishwa Sheria ya Elimu ya Kibantu, iliyowaondolea wamisionari shule na kuwapangia watoto Waafrika masomo ya kuwafanya vibarua. Adams College yenyewe ilichukuliwa na serikali mwaka 1956. Sijui kama kuna pigo lingine lililomuuma mwalimu yule kuliko hilo. Mwishoni mwa mwaka huohuo alikamatwa pamoja na wengine na kushtakiwa kwa uhaini, ingawa yeye aliachiliwa baada ya takriban mwaka mmoja. Amri za kumpiga marufuku zilifuatana moja baada ya nyingine. Ile ya mwaka 1959 ilimfungia katika wilaya yake kwa miaka mitano.

Machi 1960 polisi waliwaua watu 69 Sharpeville, katika maandamano ya kupinga pasi, yaani hati ambazo Waafrika walilazimishwa kutembea nazo. Siku chache baadaye Luthuli aliichoma pasi yake hadharani. Wasomaji wako ambao babu zao walivishwa shingoni kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni, kikiwa ndani ya kikopo cha bati, na ambao walihesabiwa kuwa wahalifu wakikamatwa bila hicho, hawahitaji kuelezwa moto ule ulikuwa na maana gani. Ndiyo sababu nasema jina lake halikuletwa Nairobi kama mapambo ya kigeni. Alipambana na kitu ambacho wazee wetu walikivaa.

Desemba 1961 aliruhusiwa kusafiri kwa siku chache kwenda Oslo kupokea tuzo ya mwaka 1960, na serikali yake ikasema waziwazi kwamba hakustahili. Alivaa mavazi ya kitamaduni ya chifu wa Kizulu mbele ya mfalme wa Norway, miaka tisa baada ya Pretoria kudai kwamba yeye si chifu tena. Ilikuwa tarehe 10, siku moja tu baada ya bendera ya Tanganyika kupandishwa Dar es Salaam. Fedha za tuzo zilitumiwa kununua mashamba Swaziland kwa ajili ya wakimbizi wa chama, na mama Nokukhanya alikwenda mwenyewe kuyalima. Tarehe 16 mwezi huohuo Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, ilianza mashambulizi yake ya kwanza. Wanahistoria bado wanabishana juu ya kauli ya Luthuli kuhusu uamuzi wa kushika silaha; mimi nipo upande wa wanaosema kwamba aliwaelewa vijana waliochoka kusubiri, lakini hakuiacha njia ya amani aliyoishuhudia Oslo. Kutoka hapo hadi kufa kwake aliishi kijijini chini ya ulinzi, na magazeti ya nchi yake yalikatazwa kunukuu neno lake lolote.

Kwa hiyo ninaiomba Kaunti ya Nairobi iweke kibao katika kila mwisho wa Luthuli Avenue, kilichoandikwa kwa Kiswahili, kitakachotaja ualimu wake Blaauwbosch na Adams kabla ya kutaja tuzo, na kitakachosema pasipo kuficha kwamba mahakama ya nchi yake imethibitisha kuwa aliuawa. Chama cha wafanyabiashara wa barabara hiyo kinaweza kuchangia gharama, nami niko tayari kutoa mchango wangu kutoka kwenye pensheni. Walimu wa shule zilizo karibu na katikati ya jiji nao wanaweza kuwaleta wanafunzi wao pale kwa miguu, asubuhi kabla maduka hayajafungulia muziki, wakawasomea habari hii hapohapo barabarani.

Mwalimu mstaafu,
Kayole, Nairobi