Wenye Fedha Ndio wa Mwisho Kulipwa

Ndugu Mhariri,

Ningeendelea kuwa msomaji mkimya lau si ile taarifa yenu ya kurasa za biashara iliyoisifu mifuko binafsi ya uwekezaji kwa kugharimia filamu za kimataifa. Mwandishi wenu alitaja nyota, bajeti na mapato ya majumba ya sinema, lakini hakusema popote nani hulipwa kwanza na nani hulipwa mwisho, ilhali biashara yote imo humo.

Mimi nina fedha katika mfuko wa namna hiyo. Filamu yetu ilionyeshwa katika nchi nyingi na mapato yake yakazidi bajeti maradufu; siku ya uzinduzi nikapewa kiti cha nyuma kabisa, nami sikujua kwamba ndicho kiti changu hata katika hesabu. Taarifa ilipofika, nilikuta majumba ya sinema yamebaki na takriban nusu ya mapato; msambazaji amekata kamisheni ya asilimia 30 katika kilichosalia, kisha amejirudishia gharama zote za matangazo pamoja na riba; nyuma yake imepanga foleni benki iliyokopesha kwa dhamana ya mikataba ya mauzo ya awali, yaani haki za filamu zilizouzwa kabla haijakamilika, na nyota aliyejihakikishia tangu mwanzo fungu la mapato ghafi, yaani yasiyosubiri faida; na chini kabisa, kwenye mstari wetu sisi tuliotoa fedha, pameandikwa hasara. Nilipompigia simu meneja wa mfuko, ambaye ada yake ilikatwa siku ile ile tulipoweka fedha, na kumuuliza kwa nini gharama za matangazo ya nchi moja zimeandikwa mara mbili, alinijibu kwa upole mno kwamba haki ya kukagua vitabu vya msambazaji anayo mtayarishaji, si sisi.

Mwandishi wenu angepekua kidogo tu angekuta kwamba Art Buchwald, mwandishi wa Marekani, aliishtaki Paramount, kampuni ya filamu ya Hollywood, kwa kutumia wazo lake la filamu bila kumlipa; hesabu za aina hii zikaibuka kesini, na mwaka 1990 hakimu wa Los Angeles akasema mkataba wa kampuni hiyo wa faida halisi, yaani kinachobaki baada ya makato yote, ulikuwa wa dhuluma. Angekuta pia kwamba Ujerumani, ambako watu wa kipato kikubwa walimimina fedha katika mifuko ya filamu ili wapunguziwe kodi, na nyingi kati ya fedha hizo zikaishia Hollywood, ilifunga mlango huo Novemba 2005.

Na ninyi wenyewe, Mhariri, acheni kuyaita mauzo ya tiketi za mwisho wa wiki "faida". Hakuna anayeandika hivyo kuhusu mauzo ya saruji.

Napendekeza kila waraka wa matarajio wa mfuko wa filamu, yaani ule wanaopewa wawekezaji kabla ya kutoa fedha, uonyeshe, katika ukurasa wa kwanza na kwa herufi kubwa kama za jina la nyota kwenye bango, njia yote inayopitwa na dola 100 za tiketi mpaka zimfikie mwekezaji, kama zitamfikia. Ada ya meneja nayo ilipwe baada yetu. Nina hakika vitabu vya msambazaji vingekaguliwa wiki hiyo hiyo.

Wako,
Mwekezaji mdogo