Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya, na Kumbukumbu ya Meli Sackville

Ndugu, jamaa na marafiki,

Nawasalimu kwa upendo kutoka Halifax, Kanada, ambako baridi imekwisha kaza na ambako bandarini imefungwa manowari ndogo ninayoikumbuka kila ifikapo Desemba. Jina lake ni HMCS Sackville (HMCS ni kifupi cha Kiingereza cha "Meli ya Kifalme ya Kanada"). Ilianza rasmi utumishi wake tarehe 30 Desemba 1941, siku tano tu baada ya Krismasi, na kati ya korveti (manowari ndogo za kusindikiza meli) zaidi ya 260 za aina yake zilizojengwa, ni hiyo peke yake iliyosalia.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kazi yake ilikuwa kusindikiza misafara ya meli za shehena zilizovuka Atlantiki kupeleka chakula, mafuta na silaha Uingereza, na kuzikinga na nyambizi za Wajerumani. Urefu wake haufiki mita 63, lakini ilibeba mabaharia zaidi ya 80. Majira kama haya, maji yaliyorushwa na mawimbi yaliganda juu ya mzinga, kamba na vyuma vya sitaha, na vijana hao walitoka na shoka na nyundo kuibandua barafu, kwani ikiachwa irundikane, uzito wake ungeweza kuipindua meli. Kisha waliteremka kulala wakiwa na nguo zile zile zilizolowa.

Agosti 1942, ndani ya ukungu mzito, Sackville ilikabiliana na nyambizi tatu na kuziharibu mbili. Lakini kinachoniuma zaidi ni Septemba 1943, ilipokuwa kundi moja na manowari St. Croix. St. Croix ilizamishwa, walionusurika waliokolewa na meli Itchen, nayo ikazamishwa siku chache baadaye, na kati ya mabaharia wote wa St. Croix akarudi nyumbani mmoja tu. Kwa wengine, Krismasi ya mwaka ule ilikuwa ya kiti kitupu mezani.

Baada ya vita Sackville ilitumika katika utafiti wa bahari hadi 1982. Sasa ni makumbusho, na kwa miaka mingi, ifikapo Mei, majivu ya mabaharia wa zamani yalishushwa baharini kutoka sitahani mwake.

Salamu zangu za kwanza, basi, nazipeleka kwa mabaharia watakaokuwa zamu usiku wa Krismasi, na kwa jamaa wanaowangoja. Nanyi nyote, popote mlipo, nawatakia Krismasi njema na Mwaka Mpya wa amani.