Singe lako halikuzaliwa 1907

Mwanangu mpendwa,

Picha za singe, kile kisu cha kufungwa mdomoni mwa bunduki, nimezipata, zimetoka vizuri. Ila hiyo 1907 unayoishangilia, chini ya taji na herufi GR, si mwaka lilipotengenezwa. Ni jina la toleo, yaani muundo, wa singe la bunduki ya Lee-Enfield ya jeshi la Uingereza, na namba hiyo iligongwa hata kwa yaliyotoka kiwandani miaka mingi baadaye. GR ni Mfalme George. Tarehe yenyewe ni zile tarakimu ndogo, 3 '11, yaani Machi 1911, na kampuni ya Wilkinson ndiyo iliyolitengeneza.

Upande wa pili, ule mshale mpana unaonyesha mali ya serikali. X ni kwamba bapa lilipindwa kwa majaribio likarudi sawa. Vitaji vyenye namba ni vya wakaguzi, hivyo usihangaike navyo.

Sasa njoo kwenye kikingio cha mkono. Masinge ya 1911 yalitoka na kulabu hapo chini. Kulabu ikaondolewa kwenye toleo mwaka 1913, na masinge mengi ya zamani yakakatwa kulabu zake karakanani. Lako halina. Lakini lina lile tundu kwenye kichwa cha mpini, la kutolea uchafu, ambalo lilianza 1916. Kwa hiyo singe la 1911 lilirudi kwa mafundi, na 1916 au baadaye lilikuwa bado kazini. Chukua lenzi uikague ncha ya kikingio: ukiona mikwaruzo ya tupa pale ilipolainishwa, usisikitike, ni kazi ya jeshi lenyewe. Mimi ningeogopa zaidi kuona kulabu nzima yenye dalili za kuchomelewa, maana yenye kulabu yana bei, na wajanja wanajua.

Huyo muuzaji anayekuapia lilipigana kwenye vita vya Somme, Ufaransa, 1916, msikilize tu kwa adabu. Hakuna muhuri wa vita. Kinachoweza kukupa kikosi ni herufi na namba zinazogongwa kichwani mwa mpini, na hapo hukupiga picha. Piga picha mwanga ukija kwa ubavu, ndipo mihuri iliyofifia inaonekana.

Msasa usiguse. Kutu ifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, taratibu. Na uniangalizie kama kuna mishale miwili iliyokutana ncha kwa ncha. Ikiwepo, jeshi liliuza singe hilo kihalali.

Baba yako