Kaka, soma hii kabla hujagusa hilo tairi la mbele

Kaka mambo vipi, natumai mko wazima wote hapo nyumbani. Mimi niko poa namshukuru Mungu, mgongo tu ndo unauma manake jana nimeinama juu ya ringi toka asubuhi, nimebadili tairi la mbele la pikipiki na kulibalansi mwenyewe, yaani kusawazisha uzito wake lizunguke bila kutetemeka, sa nikasema nikuandikie leo leo kabla sijasahau, maana uliniambia na we unataka kufanya yako.

Kwanza hiyo uliyoniambia ya usukani wako kutetemeka ukifika kilomita 80 kwa saa. Kabla hujawaza balansi angalia umri wa tairi, pembeni yake kuna maandishi DOT na mwisho wake kuna namba nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani ukikuta 2314 hilo limetoka kiwandani wiki ya 23 mwaka 2014. Likiwa la zamani hivo au lina nyufa nyufa pembeni, hata kama kashata (yale manundu yanayoshika barabara) bado zimejaa usipoteze muda wako kulibalansi, toa weka jipya. Mpira ukishakauka umekauka.

Kung'oa gurudumu sina la kusema sana, unajua. Ila nati ya ekseli ilegeze pikipiki ikiwa bado imesimama chini na matairi yote mawili, usisubiri mpaka uiinue alafu ndo uanze kuvuta spana ndefu, itakuangukia. Kalipa ya breki, kile chuma kinachobeba pedi, ukishaitoa ifunge na kamba isining'inie kwa mpira wake wa mafuta, na katikati ya pedi chomeka kipande cha mbao manake mtoto akipita akabonyeza breki, pistoni zinatoka nje na hapo umejiongezea kazi nyingine. Zile bushi za kushoto na kulia, vile vibomba vinavyovaa kwenye ekseli, piga picha kabla hujatoa, zinafanana lakini mara nyingi hazilingani urefu.

Sa tairi lenyewe. Toa pini ya valvu hewa iishe kabisa, alafu laza gurudumu juu ya tairi bovu la gari au vipande vya mbao, diski ya breki isiguse chini hata kidogo, ikipinda utaisikia kila ukishika breki. Kubandua mdomo wa tairi kwenye ringi mi natumia klempu kubwa, naminya sehemu moja, nasogea, naminya tena, inaachia taratibu. Usipige nyundo kaka, nakuomba.

Hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Ringi katikati ina bonde, yaani kipenyo chake pale katikati ni kidogo kuliko pembeni, na hilo bonde ndo siri ya kazi yote. Mdomo wa tairi una waya wa chuma ndani, hauvutiki, sasa ukitaka upande huu uvuke ukingo wa ringi lazima upande wa pili uwe umezama kwenye bonde, hapo ndo unapata nafasi. Piga goti upande wa pili, kandamiza kabisa, alafu tia liva, kile chuma bapa cha kuvulia tairi, uvute kidogo kidogo, sentimita tatu nne tu kila mara. Ukiona unavuta liva mpaka unatoa jasho simama, usiongeze nguvu, angalia upande wa pili, nakuhakikishia umepanda juu umetoka bondeni. Mi hili nililijua kwa hasara, ile pikipiki yangu ya zamani ya spoku ilikua ya tyubu, nikalazimisha liva kwenye hatua ya mwisho nikabana tyubu mpya ikatoboka, nikaziba, nikarudia vilevile ikatoboka pengine. Siku nzima. Kumbe ningekandamiza tu upande wa pili ule wa mwisho ungeingia kwa mikono karibu bila liva.

Maji ya sabuni paka mengi, mdomo wote na ringi yote. Usipake oili wala grisi, mafuta yanaharibu mpira na pia tairi linaweza kuteleza kwenye ringi ukishika breki kali. Na kulinda rangi ya ringi kata vipande vya chupa ya plastiki uweke chini ya liva.

Kabla hujaingiza jipya angalia mshale pembeni, lazima uelekee gurudumu linakozunguka, na hili angalia mara mbili manake ukishamaliza ukakuta umegeuza unaanza upya. Afu tafuta kidoti cha rangi, kikiwepo mara nyingi kinaonyesha sehemu nyepesi ya tairi, kiweke usawa wa valvu. Valvu yenyewe kama ni ya mpira weka mpya, tairi jipya na valvu ya zamani haviendani.

Kujaza upepo, toa pini ya valvu tena ili hewa iingie kwa kasi, utasikia paa! alafu paa! nyingine, usishtuke, ni mdomo unakaa mahali pake. Usipitishe ile presha iliyoandikwa pembeni ya tairi eti kwa sababu halijakaa, toa upepo, ongeza sabuni, jaza tena. Kuna kamstari kembamba kamezunguka tairi karibu na ringi, kakiwa na umbali sawa pande zote ujue limekaa.

Balansi sasa, hii ndo kazi naipenda kuliko zote. Watu wengi wanairuka wanasema haina maana, mi sikubaliani kabisa. Gurudumu la pikipiki ni jembamba kwahiyo huhitaji mashine, unahitaji tu lining'inie kwenye fimbo nyoofu inayozunguka kwa wepesi. Mi nimefunga beringi ndogo nne kwenye mbao mbili, mbili mbili kila upande, fimbo inakaa juu katikati yao. Ukitumia ekseli na beringi za gurudumu lenyewe sili za vumbi zinashika, uzito mdogo hauonekani.

Toa vyuma vya zamani vya balansi vyote, vile vidogo vilivyobandikwa kwenye ringi, futa ringi kwa spiriti. Zungusha kidogo alafu acha. Litaenda, litapunguza, litarudi nyuma kidogo, litaenda tena kidogo, mpaka litulie. Pale chini ndo pazito. Weka alama ya chaki juu kabisa, zungusha tena, likirudi palepale mara tatu huna wasiwasi. Sasa bandika kwa utepe wa karatasi wenye gundi kwanza, kichuma cha gramu 5 pale juu kwenye chaki, geuza alama iwe upande wa kulia, pale penye namba 3 kwenye uso wa saa, achia. Chaki ikipanda ongeza gramu 5 nyingine, ikishuka umezidisha. Jana la kwangu nilivyofika gramu 15 nikaliachia likabaki vilevile halisogei, nikaligeuza huku likabaki, huku likabaki, kaka nilikaa naliangalia tu. Ukiona inataka gramu 50 na zaidi usibandike treni ya vyuma, toa upepo uzungushe tairi nusu mzunguko juu ya ringi ujaribu tena. Ukipata uzito gawa nusu kushoto nusu kulia, bandika moja kwa moja.

Ukirudisha gurudumu kaza ekseli kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, na kabla hujasogea hata mita moja bonyeza breki mara nyingi mpaka mkono wa breki uwe mgumu, manake pedi zimerudi nyuma na ile ya kwanza itaenda tupu. Tairi jipya linateleza, kilomita 100 za mwanzo usilaze pikipiki kwenye kona, nakujua ulivyo.

Niandikie ulitumia gramu ngapi, na nipe jibu la huo usukani kwenye 80, kama bado unatetemeka basi tunaanza kuangalia beringi za usukani, hiyo nayo ntakuelekeza.

Wasalimie wote.
Ni mimi ndugu yako.