Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wachoraji wa Kuta na Mabango, Busia, Uganda

Ndugu wanachama, wazee wa brashi na vijana wa rangi ya kupuliza, habari za mwaka.

Kazi iliyozungumzwa kuliko zote ni ule ukuta wa karibu na soko: msichana mwenye sare ya shule, kitabu mkononi, mtoto mgongoni. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kila mtaa hapa unawajua wasichana ambao hawakurudi darasani. Vijana walikuwa wamemvalisha viatu vyeusi vinavyong'aa. Mama mmoja muuza samaki akasimama, akatazama, akauliza, "Huyo anasoma shule gani?" Siku hiyohiyo viatu vikafutwa, akavishwa katambuga, na hapo ndipo watu walipoanza kupiga picha. Kwangu mimi, mhakiki wetu bora mwaka huu ni yule mama, na hakutudai hata shilingi.

Wapo kati yetu wanaoona haya kuitwa wachora mabango, eti sanaa yenyewe iko Chuo Kikuu cha Makerere. Makerere tunaiheshimu. Lakini Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam miaka ya 1960 na rangi za baiskeli, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Huko Marekani, sanaa ya vibonzo na ya kupamba magari ilidharauliwa hadi akina Robert Williams, mchoraji wa huko, wakaanzisha jarida lao, Juxtapoz, mwaka 1994. Hata Kampala, tamasha la sanaa la KLA ART la 2014 lilipandisha kazi za wasanii kwenye bodaboda.

Anayetaka kujua Busia inaumwa wapi asome mipira ya kukinga matope nyuma ya hizo bodaboda. Zamani tulitumwa kuandika majina ya wanasoka. Sasa wateja wanataka "Kukopa harusi, kulipa matanga", maana pikipiki nyingi ni za mkopo.

Kero yetu ni kuta. Kampuni za simu humpakia mwenye nyumba rangi jengo zima bure, bora libebe rangi yao. Sisi tunamwendea na picha ya kuisema jamii, halafu tunataka atushukuru! Napendekeza tumpakie rangi pande nyingine zote, sisi tubaki na upande mmoja wa kuchora. Tujadili pendekezo hili leo.

Hesabu ataisoma mhazini. Makopo yaliyobaki yako stoo kwa katibu; anayechukua asaini kwanza.