Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wanaohamia Dodoma na Nyumba Tunazowajengea

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka 2024. Mambo ya ada, uanachama na hesabu yamo katika taarifa za Katibu na Mweka Hazina, kwa hiyo sitayarudia. Ninaomba niitumie nafasi hii kwa hoja moja iliyojitokeza karibu katika kila kikao cha Kamati: wengi wetu tunaendelea kujenga nyumba za kupangisha kwa kutazama idadi ya watu wanaohamia jijini kwetu, bila kujiuliza wanahama kwa namna gani, wanakuja na nani, na wanakusudia kukaa kwa muda gani.

Idadi yenyewe inavutia, wala simlaumu aliyevutwa nayo. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Manispaa ya Dodoma ikiwa na watu 410,956. Ile ya 2022 ikahesabu watu 765,179 katika Jiji. Ni ongezeko la zaidi ya watu 354,000 katika miaka kumi. Lakini sensa hizohizo zinaonyesha kwamba Dar es Salaam nayo iliongezeka kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, yaani zaidi ya milioni moja, katika kipindi kilekile ambacho sisi tulikuwa tukiambiana kwamba Dar es Salaam yote inahamia kwetu. Serikali ilihama, mji ule haukuhama. Sehemu kubwa ya ongezeko letu ni watoto waliozaliwa hapahapa, vijana waliokuja kutoka Kondoa, Mpwapwa, Singida na kwingineko kutafuta kazi, wafanyabiashara wadogo, mafundi na wanafunzi. Watumishi wa Serikali ni sehemu tu ya hesabu hiyo, ilhali nyumba nyingi tulizojenga tangu 2016 tulimjengea mtumishi wa Serikali.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba uamuzi wa kuhamishia Makao Makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, na kwamba waliojenga kwa haraka wakati ule walisubiri miaka mingi. Kwa hiyo Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma, na Waziri Mkuu akahamia mwezi Septemba mwaka huohuo, wako waliositasita na wako waliokimbilia. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokimbilia. Nilichukua mkopo, nikajenga Ilazo nyumba ya vyumba vinne yenye geti, sebule kubwa na banda la gari, nikimtarajia ofisa mwandamizi mwenye mke na watoto. Maofisa walikuja kweli, lakini wengi walikuja peke yao. Mke alikuwa na ajira yake Dar es Salaam, watoto walikuwa katikati ya masomo, na nyumba waliyojenga Kimara au Mbezi hawakuwa tayari kuiacha. Walichotafuta hapa kilikuwa chumba na sebule, au chumba kimoja cha masta, mahali salama na karibu na barabara. Nyumba yangu ilikaa tupu miezi kumi na mmoja huku marejesho ya benki yakiendelea kila mwezi. Mwishowe niliigawa sehemu tatu, kila moja na jiko lake, choo chake na mita yake ya LUKU, na tangu hapo haijakosa mpangaji.

Nimeeleza habari hiyo kwa sababu katika mwaka tunaoumaliza nimepokea wanachama wasiopungua kumi wenye kisa kinachofanana nacho, na wengine kati yao wana mikopo mizito kuliko wangu. Ninawahurumia kwa dhati. Hawakukosea kuamini kwamba watu watakuja; walikosea kudhani kwamba mtu anapohama, kaya yake yote huhama naye siku ileile. Kaya hufuata baadaye, mtoto akimaliza shule au mwenzi akipata uhamisho, na nyingine hazifuati kabisa.

Mwaka 2024 umeongeza jambo jipya katika hesabu hii. Tangu treni ya umeme ya reli ya kisasa ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma, zilizozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti, mtu anaweza kuondoka hapa Ijumaa jioni akalala kwake Dar es Salaam usiku uleule. Wanachama kadhaa wameuliza kama treni itatuletea wapangaji zaidi. Maoni yangu ni kwamba itatuletea wageni wengi wa siku mbili tatu, na wakati huohuo itampunguzia mtumishi sababu ya kuhamisha familia yake. Anayepanga kujenga nyumba ya familia kwa ajili ya mtumishi wa namna hiyo azingatie jambo hili kabla ya kuchimba msingi.

Kuna pia mpangaji anayeacha kuwa mpangaji. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilipovunjwa Mei 2017, hati zake za kumiliki ardhi za miaka 33 zikaelekezwa zibadilishwe kuwa za miaka 99, na viwanja vingi vikapimwa na kuuzwa. Watumishi wengi walinunua. Mtu aliyepanga Area C au Kisasa mwaka 2018 leo amejenga kwake Iyumbu, Nzuguni au Nala, na pengine ana vyumba vya uani anavyopangisha yeye mwenyewe. Mteja wetu wa kwanza amekuwa mshindani wetu. Vilevile, baadhi yetu waliogeuza nyumba kuwa ofisi walipata kodi nzuri kwa muda mfupi. Mji wa Serikali wa Mtumba ulipoanza kutumika mwaka 2019, mahitaji ya ofisi za kupanga katikati ya jiji yalipungua, na mahitaji ya vyumba yakaelekea mashariki, kandokando ya barabara ya Dar es Salaam.

Wanafunzi, wabunge na wajenzi nao huja kwa majira. Wenye vyumba Ng'ong'onha wanajua kwamba Chuo Kikuu kikifunga, korido zinanyamaza kwa miezi, kwa hiyo kodi ya mwaka ikokotolewe kwa miezi ambayo mwanafunzi yupo. Mafundi wa uwanja wa ndege wa Msalato na wa barabara ya mzunguko wataondoka kazi ikiisha; asijengewe mtu wa namna hiyo nyumba itakayolipwa kwa mkopo wa miaka kumi. Kuhusu wabunge, ninawatahadharisha mapema: 2025 ni mwaka wa uchaguzi mkuu. Baada ya Bunge la bajeti kumalizika mwishoni mwa Juni, wenye nyumba zinazotegemea vikao wajiandae kukaa bila mapato kwa miezi kadhaa, na wasiahidi marejesho kwa fedha hizo.

Kamati imejadili pia desturi ya kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pamoja na ya mwezi mmoja kwa dalali. Ninajua kwamba wengi hapa wanaitegemea desturi hiyo kujengea, na mimi nimewahi kuitegemea. Hata hivyo, kijana aliyewasili jana kutoka Singida na kupata kazi dukani hana kodi ya miezi saba mfukoni, ingawa kila mwezi anaweza kulipa bila kuchelewa. Tunamfungia mlango mtu yuleyule anayeongeza idadi ya jiji hili, kisha tunalalamika kwamba vyumba havina watu. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la kibiashara, na ni kosa la kiutu pia.

Kwa hiyo Kamati inaleta mapendekezo mawili. La kwanza, kila mwanachama aanze kujaza daftari la wapangaji wake, bila kuandika majina, likionyesha mpangaji ametoka wapi, amekuja peke yake au na familia, amekaa miezi mingapi na ameondoka kwa sababu gani. Katibu atayakusanya kila baada ya miezi mitatu, ili anayetaka kujenga apate taarifa zetu wenyewe badala ya maneno ya madalali. La pili, kwa vyumba vya kuanzia chumba kimoja hadi chumba na sebule, wanachama wakubali kupokea kodi ya miezi mitatu kwa mpangaji mpya, kwa majaribio ya mwaka mmoja.

Kamati inaomba mapendekezo haya yajadiliwe na kupigiwa kura kabla ya Mweka Hazina kusoma hesabu, kwa sababu pendekezo la kwanza, likipita, litagusa bajeti ya uchapishaji.